Hatukuachia Kamba

Niliamini, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba ndani ya tumbo la ile ndege isiyo na mashine kulikuwa na mwewe walio hai. Si mwewe mmoja. Kundi zima, wamepangwa safu mbili kama wapiga kasia, miguu imefungwa kwa uzi, na Mzungu akitaka kupaa anawapigia mluzi nao wanaanza kupiga mabawa. Aliyenipa habari hiyo ni muuza chumvi mmoja wa kijiji cha Wamaza, mtu wa sauti nzito na kanzu safi, na alikuwa na ushahidi: shemeji yake alimwona yule Mzungu akinunua vifaranga sokoni.

"Muzungu gani anakula kifaranga?" aliniuliza. "Anafuga nani kule ndani, kama si mwewe?"

Wewe ungemjibu nini?

Na usinicheke haraka, maana mimi nilikuwa mtu wa masomo. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni kule Kasongo. Mchana nilibeba magunia ya mpunga, jioni nikakaa kwenye benchi na wanaume wazima wenzangu, wengine wana wajukuu, tukiimba vitenzi vya Kifaransa kwa sauti ya kung'oa mabati. Nilikijua Kifaransa kiasi kwamba hata mbuzi wa ndotoni walinisalimu kwa Kifaransa. Cheti changu nilikitia kwenye fremu, nikangoja wanite ukarani. Nilingoja mpaka fremu ikaliwa na mchwa, cheti kikabaki. Basi msomi kama mimi alipoambiwa habari za mwewe, alifanya wanachofanya wasomi: alitafuta sababu za kuamini. Ndege nyingine hunguruma, hii haingurumi. Tumbo lake ni la kitambaa, na upepo ukikipiga hutoa sauti ya puta-puta-puta, kama mabawa. Nini tena?

Kazi ya ukarani ilipokataa kuja, mjomba wangu aliniita Kabambare. Alikuwa kapita, msimamizi wa wavutaji, katika kivuko cha mto Luama. Kivuko chenyewe kilikuwa mitumbwi mikubwa iliyofungwa pamoja, juu yake mbao, na kamba nene iliyotandazwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Sisi wavutaji tulisimama juu ya mbao, tukaishika kamba ile na kujivuta nayo, pamoja na watu, mbuzi, baiskeli na magari ya Serikali. Kapita anaimbisha, sisi tunaitikia, na hakuna kidole kinacholegea mpaka yeye apige kelele: "Imefika!" Ukiachia kabla ya hapo, maji yanaichukua mitumbwi na roho za watu. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kuiba, kuliko kumtukana mkwe. Mtu aliyeachia kamba alitengewa sahani yake. Wenzake wanakula sahani moja, yeye yuko pembeni na yake, mpaka mwenyewe anahama.

Yule Mzungu wa mwewe alikuwa mpimaji wa ardhi, amekuja kupima milima ya upande wetu. Tulimwita Mpimaji. Mwembamba, mrefu, magoti kama ya korongo, na mwenye furaha zake. Ndege yake aliileta vipande vipande juu ya lori, akaiunganisha kwa misumari na gundi, akaanza kutafuta watu wa kumrusha kutoka mgongoni mwa mlima. Alipouliza nani hapa anajua kamba, watoto kwa wazee walimwonyesha kivukoni.

Kumrusha kulikuwa hivi. Kamba mbili za mpira zinakutana kwenye pete moja, pete inatiwa kwenye ndoana ya puani mwa ndege. Watu wanne wanashika kamba ya kushoto, wanne ya kulia, na mwenzetu mmoja mnene anakaa nyuma akishikilia mkia. Kapita anaimbisha. Wavutaji wanashuka mteremko mbio, mpira unavutika mpaka unalia, mnene anaachia mkia, na ndege inapita juu ya vichwa vyenu kama jiwe la manati. Pete inaanguka yenyewe. Ule ulikuwa mpira kweli, na babu zetu walichapwa na Wazungu ili wageme mpira msituni; mjomba aliushika siku ya kwanza, akaunusa, akasema, "Leo angalau unavuta Muzungu."

Siku hiyo ya kwanza ndege iliondoka vizuri, pete ikaanguka, na sisi tukaendelea kukimbia. Tulishuka mlima wote na kamba tupu mikononi, tukaingia kwenye majani ya miiba, tukatokea upande wa pili bila nusu ya nguo. Kapita hakuwa amepiga kelele. Ungeachiaje?

Mpimaji alipotua bondeni alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nakwenda, ninyi mwisho! Kamba acha!"

"Bwana," mjomba akamwambia, "kitu hakijafika, kamba haiachwi. Weye ukitua, umefika. Ndio nitasema."

Basi ikawa sheria. Kila aliporuka, sisi tulikaa kwenye majani, wanne huku na wanne kule, kamba mikononi, tukimtazama angani mpaka miguu yake iguse ardhi. Ukiwashwa pua, unamwomba jirani aliyeshika kwa mkono mmoja. Mpimaji aliona ni upuuzi, lakini alituzoea.

Safari nyingi zilikuwa nzuri. Moja haikuwa nzuri sana. Ilikuwa saa sita ya mchana, kiangazi, mlima unafuka joto, na hewa ikaanza kumpepeta kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo: juu, chini, pembeni, juu tena. Mabawa yalipinda mpaka nikawahurumia mwewe. Aliangukia shamba la mihogo, bawa moja likagonga kichuguu, na kabla hajafungua mkanda mwenye shamba alikuwa ameshafika, mama mmoja wa Kibangubangu mwenye jembe begani.

"We ndege ya namna gani unatua juu ya chakula ya watu?"

Mpimaji akaomba radhi. Mama akasema radhi hailiwi. Akamkatia vijiti vya mihogo, akamwonyesha matuta, na Mzungu yule akapanda, magoti yake ya korongo yamejaa udongo, sisi tumesimama pembezoni na kamba yetu, maana kapita alibishana na nafsi yake kama kutua juu ya mihogo ni kufika.

Sasa siku yenyewe.

Moshi wa majani yaliyochomwa ulikuwa umelala mabondeni. Upepo ulitoka upande wa Ziwa Tanganyika, nao haukuwa upepo wa mchezo; ungeweza kumnyoa mtu ndevu na kumrudishia chenji. Tuliiweka ndege ikiutazama. Mjomba akaimbisha, tukashuka, mpira ukalia, mnene akaachia mkia, ndege ikaondoka. Naapa kwa cheti changu: haijawahi kutoka imenyooka hivyo. Ilipanda mbele ya mlima bila kutikisa bawa, ikaenda kaskazini, ikarudi, ikaenda, ikarudi, kama mtu anayetembea uani kwake. Tulikaa, kamba mikononi.

Halafu akageuza pua, akavuka mgongo wa mlima kwenda nyuma.

Hakufika mbali. Bawa la kulia lilinyanyuka peke yake, ndege ikasimama upande, na kisha ikashuka kana kwamba kuna kiganja kimewekwa juu yake na kuisukuma. Ilizama nyuma ya mlima. Tukasikia mti umevunjika.

Tulimtazama kapita. Hakusema imefika. Aliposema, alisema, "Twende!" na tukaenda jinsi tulivyokuwa. Hebu ona: wanaume wanane wanapanda mlima mbio, wamefungamana kwa kamba ya mpira kama shanga, wa mbele akijikwaa wa nyuma anavutwa, wa nyuma akichelewa mpira unamtupa mbele ya wa mbele. Mnene nyuma yetu analia, "Ningojeni, jamani, miye sina kamba!"

Ndege ilikuwa imeshuka ndani ya korongo refu lenye mawe, bawa moja limenasa kwenye mti uliojiotea ubavuni. Mpimaji alikuwa hai, mguu umegeuka, taya limekaa pabaya. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi na msomi, nilishushwa kwanza. Nilimfunga kamba makwapani, kisha nikatazama tumbo la ndege. Lilikuwa limepasuka, liko tupu. Nikainua macho: juu ya korongo, mwewe wanazunguka! Nywele zilinisimama. Wamekata nyuzi, nikajiambia, wametoroka, na nani angebaki?

Wenzangu wakavuta. Mpira ni mpira: walivuta pima moja, akapanda nusu; wakapumua, akashuka tena. Alitoka mle korongoni akidundadunda kama ngoma, akitukana kwa maneno ambayo shule ya jioni haikutufundisha. Alipolala juu ya majani, mjomba akamgusa kifua, akaona kinapumua, akasimama.

"Imefika," alisema polepole. Hapo ndipo tukafungua vidole.

Sasa nieleze ya Ajenti. Ajenti wa Serikali pale Kabambare alikuwa kijana Mbelgiji, ndiye aliyetoa ruhusa Mpimaji aruke. Mzungu ameumia, ruhusa ni yako, wakubwa wako wa Kasongo wanauliza: unahitaji mtu wa kubeba lawama. Mpimaji mwenyewe alikuwa zahanati, taya limefungwa kwa bendeji kutoka utosini hadi kidevuni, hawezi hata kusema maji. Basi Ajenti alituita sisi.

"Nani aliachia kamba wa kwanza?"

"Hakuna," mjomba akasema.

"Upande wa kushoto uliachia. Ndege ilitoka imepinda. Ndiyo sababu ilianguka."

"Bwana alikuwa mulimani?"

"Sina haja ya kuwa mulimani!"

Mnene akaona mambo yanaharibika, akataka kusaidia. "Bwana, miye nasema kweli tupu. Ni mwewe. Walichoka."

"Mwewe gani?"

"Wa mule ndani."

Ajenti akanigeukia. "Weye umesoma. Anasema nini huyu?"

Nilisimama, nikakohoa, nikamweleza kwa Kifaransa changu kizuri kuliko vyote, Kifaransa cha kwenye fremu: safu mbili, nyuzi, mluzi, vifaranga. Sikuacha kitu. Niliona uso wake ukigeuka rangi, kutoka maziwa hadi mawese. Alipiga meza, akasukuma karatasi mbele ya mjomba.

"Munanichezea! Kapita, weka kidole hapa. Sema kikosi chako kiliachia, nitakutoa kivukoni, maneno yataisha. Ukikataa, utakwenda tribinali Kasongo, mbele ya jaji."

Mjomba aliitazama ile karatasi, akatia mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kidole yangu iko na kazi ingine, Bwana. Kunifunga, unaweza. Kusema niliachia kamba, hapana."

Na sisi sote, bila kuambizana, tukatia mikono nyuma. Hata mnene, ambaye mikono yake haifikiani huko.

Wakamfunga mjomba. Ajabu ni kwamba kifungo hakikuniuma kama niliyoyaona nje. Neno kwamba tuliachia kamba lilikuwa limeshatangulia. Nilipita kwa jirani zetu wakati wa chakula, wakaniita karibu kama kawaida, lakini mama mwenye nyumba aliingia ndani akatoka na sahani ndogo. Akaiweka kando. Hakunitazama usoni. Nilikaa mbele ya ugali ule na sombe ile ya majani ya mihogo, mimi niliyeshuka korongoni, vidole bado vina malengelenge ya mpira, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na la kuchekesha. Nikainuka sijala. Nikawaambia wenzangu kivukoni: afadhali wanifunge na mimi kuliko kula kwenye kisahani kile. Wakanijibu kwamba wao pia wamepewa visahani.

Siku ya kumpeleka mjomba Kasongo, Ajenti alifika kivukoni na kamyoneti yake, gari dogo la mizigo. Mjomba alikaa nyuma, mikono imefungwa, askari pembeni yake. Wakapanda kivuko na wengine: akina mama wenye vikapu vya mpunga, wenye kuku, na yule muuza chumvi wa Wamaza na kanzu yake.

"Nani ataimbisha?" tukauliza.

"Yeyote. Weye!" Ajenti akanyoosha kidole kwa mvutaji wa mbele.

Yule mwenzetu akaimbisha, tukavuta mpaka katikati ya mto, mahali maji yanapotembea kwa haraka na rangi yake inakuwa ya chai. Akanyamaza. Tukasimama, kamba mikononi, kivuko kikitetemeka.

"Kuna nini?"

"Maneno ya wimbo imeniishia, Bwana."

"Vuteni bila wimbo!"

"Bila wimbo," nikasema mimi, kwa adabu zote, "huyu anavuta, yule anaachia. Ni hatari."

"Hapana, hapana! Musiachie!"

"Lakini siye si ndio watu wa kuachia, Bwana? Ulisema mwenyewe."

Mama mmoja akaguna ndani ya kitenge chake. Mwingine akacheka waziwazi. Jua lilikuwa limekaa juu ya kofia ya Ajenti kama kuku anayeatamia. Alizunguka kamyoneti, akaja mbele ya mjomba, ambaye alikuwa anatazama mawingu kama mtu anayengoja chai yake ipoe.

"Kapita, imba!"

"Mutu wa kuachia kamba haimbishi. Ndiyo desturi ya hapa. Miye niko mutu wa kuachia, ao siko?"

"Imba, nimesema!"

"Niko, ao siko?"

Maji yaligonga mbao. Mikono yetu ilikuwa inawaka moto; naweza kusema tuliishika ile kamba tangu asubuhi ya uumbaji, na hakuna aliyelegeza hata ukucha. Ajenti alitutazama mmoja mmoja. Nadhani aliona mikono hiyo. Nadhani pia aliona maji.

"Hamukuachia," akasema.

"Wamama ya huko nyuma hawasikii, Bwana."

"Hamukuachia kamba!"

Walisikia mpaka ndege wa ng'ambo. "Basi wanifungue," mjomba akasema. "Mutu haimbi mikono imefungwa." Askari alifungua haraka kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote. Mjomba akashuka, akajinyoosha mgongo, akaimbisha, na sijasikia tena wimbo kama ule. Mpunga ulitikisika vikapuni. "Imefika!" akapiga kelele ng'ambo. Ajenti akaingia kwenye kamyoneti akaondoka kwenda Kasongo peke yake, bila hata kumtazama mfungwa wake.

Adhabu haikukosa kuja. Alipotoka Kasongo alitupatia mawe ya barabara tuyavunje, kwa sababu aliyoitunga njiani. Tukayavunja kwa kuimba. Lakini kuna watu, hawakosekani, walianza kusema: aa, Ajenti alisema vile kwa kuogopa maji. Mutu katikati ya mto atakubali hata kwamba yeye ni samaki. Na visahani vikaendelea, si kwa wote, lakini viliendelea. Muuza chumvi ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kupita wote: kamba iliachwa, ndege ikastuka, mwewe wakaogopa.

Kwa hiyo siku tuliposikia kwamba fermye, muuguzi wa zahanati, amemfungua Mpimaji taya, hatukungoja kualikwa. Mjomba na mimi tuliingia zahanati. Wenzetu wakajaa dirishani, na nyuma yao nusu ya Kabambare. Mpimaji alikuwa amekonda, mguu wake mweupe kwa plasta umening'inizwa kwa kamba, na mnene akasema nje, "Kamba hiyo nayo inamvuta nani?"

Mjomba alivua kofia. "Bwana, pole. Siye tulikuja kuuliza neno moja tu. Siku ile tuliachia?"

Na mimi, maana siwezi kunyamaza nikiwa na Kifaransa mdomoni, nikaongeza swali la mwewe, lote, na uzi wake.

Mpimaji alishika kidevu. Nilidhani taya limemrudi. Kisha akajiinua kwa viwiko, akageukia dirishani ili wote wasikie, akajibu kwa Kingwana, Kiswahili cha kwetu, alichokiungaunga:

"Mwewe hapana iko. Tumbo iko tupu, siku zote tupu. Vifaranga niko nafuga, napenda mayai. Mbele ya mulima upepo unapanda, unanibeba. Nyuma ya mulima upepo ule unaanguka. Miye nilipita nyuma, chini sana, ukanipiga chini. Kamba ilikuwa muzuri. Kosa iko yangu."